Kizimba cha ndani cha kobe mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kumjengea kobe wake makazi ya ndani kwa mikono yake mwenyewe na hajui aanzie wapi. Majibu yanahusu kobe wadogo wa nchi kavu, wale ambao hata wakikomaa gamba lao halizidi sana sentimita 20. Kobe wa majini na kasa wana mahitaji tofauti kabisa.

Wajenzi wengi huanza na kuta: mbao nzuri, rangi, kioo mbele. Kobe hana habari na kuta. Yanayomwezesha kuishi miongo kadhaa yako chini ya miguu yake na juu ya gamba lake, yaani udongo na mwanga. Kwa hiyo useremala hapa nimeupitia haraka, na muda mwingi nimeutumia kwenye udongo, joto, mwanga na unyevu.

Ni kobe gani anayeweza kukaa ndani?

Wanaofugwa zaidi ndani ni wa jamii ya Testudo: kobe wa Hermann, kobe wa Ugiriki (Testudo graeca), kobe wa Urusi (Testudo horsfieldii) na kobe wa Misri (Testudo kleinmanni), ambaye ndiye mdogo kuliko wenzake wote hao. Afrika Mashariki kuna Malacochersus tornieri, kobe bapa anayejipenyeza kwenye nyufa za miamba.

Wa kumwepuka ni Centrochelys sulcata, kobe wa ukanda wa Saheli. Akiwa mchanga anakaa kiganjani. Akikomaa anaweza kupita kilo 50, na anaweza kusukuma mlango ukang'oka. Kobe chui naye hukua akawa mkubwa mno kwa chumba.

Halafu kuna sheria. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kobe wa Misri na kobe bapa wamo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali kuliko vyote; kobe bapa aliingizwa humo mwaka 2019. Nchi nyingi zinadai kibali hata kwa mnyama mmoja. Kamilisha kibali kwanza, mbao ununue baadaye. Na kobe uliyemkuta porini mwache porini.

Kizimba kiwe na ukubwa gani?

Kwa kobe mmoja aliyekomaa, wa kadiri ya kobe wa Hermann au wa Urusi, lenga sentimita 240 kwa 120. Ndiyo, ni karibu eneo la kitanda cha watu wawili. Kama nafasi hairuhusu, usishuke chini ya sentimita 180 kwa 90, na hapo ujue utalazimika kumtoa nje mara kwa mara hali ya hewa ikiruhusu. Kobe porini hutembea mamia ya mita kwa siku akitafuta majani. Misuli, utumbo na kucha zake vimeumbwa kwa mwendo huo.

Kitoto cha kobe kinaweza kuanza na sentimita 120 kwa 60. Kila unapolazimika kuchagua kati ya urefu wa kizimba na urembo wake, chagua urefu. Urefu ndio unaokupa upande wa joto na upande wa baridi, na bila pande hizo mbili kobe hawezi kujirekebishia joto la mwili.

Nimeambiwa kitoto kikiwekwa mahali pakubwa kitaogopa na kushindwa kula. Ni kweli?

Kinachokiogopesha ni uwazi. Kitoto kwenye uwanja mtupu wa sentimita 120 hujibanza kwenye pembe, lakini ukipanda mimea, ukaweka vipande vya magome na maficho matatu au manne, kitatembea kutoka kivuli hadi kivuli bila wasiwasi. Faida ya kuanza na kizimba kidogo ni nyingine: unyevu ni rahisi kuutunza ndani yake.

Tenki la kioo la samaki linafaa?

Kwa kobe mkubwa, hapana. Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili, anataka kwenda, anakwaruza kioo kutwa nzima mpaka pua na miguu ya mbele inachubuka. Tenki pia ni jembamba, na hewa yake haizunguki vizuri.

Kwa kitoto kinachohitaji unyevu mwingi, sanduku lililofungwa lina manufaa yake, kwa sababu kizimba kilicho wazi juu hupoteza unyevu haraka. Ukilitumia, bandika karatasi isiyopitisha mwanga kwa nje kuzunguka pande zote, sentimita 15 kutoka chini, na hakikisha pana matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili.

Nitumie mbao gani, na nizizuieje zisioze?

Plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 inatosha. Epuka mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, na epuka MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), maana ikinyonya maji inavimba na kumomonyoka.

Hata plaiwudi nzuri itaoza ikikutana moja kwa moja na udongo mbichi. Paka vanishi ya maji isiyo na sumu, mikono miwili au mitatu, kisha tandika ndani mpira wa kutandikia mabwawa au nailoni nzito, kipande kimoja kisicho na kiungo, kikifunika chini na kupanda ukutani kupita usawa wa udongo kwa sentimita tano. Pembeni kunja kama unavyofunga zawadi, usikate. Ukingo wa juu ubane kwa ubao mwembamba, ili kobe asiung'ate na udongo usiingie nyuma yake.

Ukitumia silikoni, chagua ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuvu. Harufu kama ya siki maana yake bado inakauka, na kobe asiingie mpaka harufu iishe kabisa. Vanishi nayo ipe wiki nzima. Mwisho pitisha kiganja chako ndani kote: ncha ya skrubu au kibanzi utakachokihisi wewe, shingo ya kobe itakihisi pia.

Kuta ziwe juu kiasi gani? Wangu anapanda.

Pima kutoka juu ya udongo, si kutoka sakafu ya sanduku. Watu husahau hili: ukuta wa sentimita 40 ukishajazwa udongo wa 15 unabaki 25, na kobe wa Urusi mwenye gamba la sentimita 18 akisimama wima anafika ukingoni. Acha angalau sentimita 30 juu ya udongo, na zaidi kwa kobe bapa, ambaye anapanda kuliko unavyodhania.

Wengi hutorokea kwenye pembe, kwa kuwa pale wana kuta mbili za kukanyagia. Funika kila pembe kwa ubao wa pembetatu, au zungushia ukingo wote ubao wa sentimita 10 unaoingia ndani. Usiweke jiwe, gogo wala pango karibu na ukuta. Hiyo ni ngazi. Na kobe anayepanda huanguka chali. Akianguka chali chini ya taa ya joto na hakuna mtu nyumbani, anaweza kufa mchana uleule.

Nitandike nini chini?

Hapa usiwe na haraka.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa wengi ni udongo wa kawaida wa bustani, usio na mbolea wala dawa, pamoja na unga wa makumbi ya nazi, nusu kwa nusu. Kwa jamii ya Testudo unaweza kuongeza mchanga kidogo, robo au theluthi, ili udongo usishikane. Changanya na maji kidogo kidogo hadi ufikie hali hii: ukiufinya kwenye ngumi unashikana, ukiugusa kwa kidole unapasuka, na hakuna tone linalotoka. Ukitoa tone, umezidisha maji. Ukishindwa kushikana, bado mkavu.

Kina kiwe sentimita 10 kwa vitoto na 15 hadi 20 kwa wakubwa, hasa kobe wa Urusi, ambaye kuchimba ndiyo maisha yake. Kobe anapaswa kuweza kujifukia mpaka gamba lisionekane. Akijifukia usimfukue kila saa kumwangalia; amelala.

Vitu vya kuepuka: maranda ya msonobari na mwerezi, kwa sababu ya utomvu wake unaowasha macho na mapafu, mchanga mtupu, unaoweza kuziba utumbo kobe akiumeza na chakula, maganda ya karanga yaliyosagwa, na magazeti, ambayo hayashiki unyevu wala hayampi kucha pa kushika. Mchanga wa kalisi unaouzwa kwa ajili ya mijusi nao uache. Kobe huula akitafuta kalisi, na unaganda tumboni.

Kabla hujajaza, piga hesabu ya uzito. Kizimba cha 120 kwa 60 chenye udongo wa sentimita 10 kinabeba lita 72, na udongo mbichi wenye mchanga unakaribia kilo 1.3 kwa lita au zaidi. Hizo ni kilo 90 na ushee juu ya miguu ya meza. Kile cha 240 kwa 120 chenye sentimita 15 kinabeba lita 432, zaidi ya nusu tani. Cha namna hiyo kikae sakafuni, au kwenye fremu ya mbao nene yenye miguu ya kutosha katikati. Ukiongeza sehemu ya makumbi ya nazi uzito unapungua sana.

Joto liwe kiasi gani, na nitalipataje?

Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe. Anakwenda kulichukua mahali, kisha anaondoka. Kwa hiyo kizimba kinahitaji tofauti: kwa jamii ya Testudo, nyuzi 32 hadi 35 mahali pa kuota jua, na nyuzi 20 hadi 24 upande wa pili. Kizimba chenye nyuzi 30 kila mahali ni kibaya kuliko kinavyosikika, kwa kuwa kobe hana pa kukimbilia, na mwili wake unakauka.

Tumia taa ya joto inayotoa mwanga mweupe na kutawanya miale. Ile ya miale myembamba inachoma duara dogo juu ya mgongo huku miguu ikibaki baridi. Kobe hukaa chini yake muda mrefu akingoja apate joto, na kilele cha gamba kinakauka na kuungua. Duara la joto linapaswa kumfunika kobe mzima, kichwa na miguu. Kobe akiwa mkubwa, taa mbili ndogo zinazoning'inia karibukaribu ni bora kuliko moja kubwa. Taa nyekundu na za bluu ziache dukani, maana kobe anaona rangi vizuri na mwanga huo unamharibia anavyoona chakula.

Taa ining'inie wima kutoka juu kwa mnyororo, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye gamba, ili uweze kuishusha na kuipandisha kiungo kwa kiungo. Chini yake laza jiwe bapa. Jiwe linashika joto na linapunguza kucha, ila kobe akipinduka hapo uso bapa wa jiwe haumpi pa kujishikiza, kwa hiyo zungushia vijiwe vidogo vya kukanyagia.

Sasa kipimo. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani kinakuambia joto la ukuta. Pima pale alipo kobe: weka kipimajoto juu ya jiwe, kwa usawa wa mgongo wake, baada ya taa kuwaka kwa muda wa saa mbili. Bunduki ya kupimia joto kwa miale ni kifaa kizuri sana kwa kazi hii. Unailenga jiwe, kisha gamba, kisha pembe ya mbali, na ndani ya dakika moja umeielewa hali ya hewa ya kizimba kizima. Kama jiwe limefika nyuzi 42, pandisha taa. Kama ni 28, ishushe au badilisha wati. Usipangilie kwa kukisia.

Mkeka wa joto au jiwe la umeme je?

Hapana. Porini joto hutoka juu, na kobe akizidiwa hujichimbia chini apate baridi. Ukiweka joto chini, anachimba kuelekea kwenye hatari. Gamba la tumbo huungua kabla mnyama hajasogea.

Usiku niache taa?

Mwanga wote uzimwe. Saa 12 hadi 14 za mwanga kwa siku zinatosha, na swichi ya saa itakufanyia kazi hiyo bila kusahau. Kobe wa Hermann aliyekomaa na mwenye afya si kwamba anauvumilia tu usiku wa nyuzi 15 hadi 18, bali unamfaa. Vitoto nisingependa washuke chini ya 18, na kobe wa kitropiki wasishuke chini ya 21 hivi. Chumba kikipoa kuliko hapo tumia taa ya kauri, inayotoa joto bila mwanga, ikiongozwa na kidhibiti joto. Soketi yake iwe ya kauri pia, maana ya plastiki inayeyuka.

Kizimba kiko dirishani, jua linaingia. Bado nahitaji taa ya UVB?

Bado. Kioo cha dirisha kinazuia karibu mionzi yote ya UVB, ile sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Joto linapita, mwanga unapita, mionzi anayoihitaji kobe inabaki nje.

Mionzi hiyo, ya mawimbi ya nanomita 290 hadi 315 hivi, inapopiga ngozi huanzisha utengenezaji wa vitamini D3. Hatua ya pili ya utengenezaji huo inahitaji joto la mwili, kisha ini na figo humalizia. Bila D3 kobe hawezi kutumia kalisi hata akila majani yenye kalisi tele. Mifupa inalainika, gamba linabonyea kwa kidole, taya linapinda, miguu inashindwa kubeba mwili. Ugonjwa huu huja polepole, na ulemavu wake haurudi nyuma.

Kwa kuwa hatua ya pili inategemea joto, taa ya UVB na taa ya joto zikutane mahali pamoja. Wengi hufunga moja upande huu na nyingine upande ule, wakidhani wanagawa sawa. Kobe huja kuota jua sehemu moja. Mpe vyote viwili hapo.

Chagua mrija wa T5 (taa ndefu nyembamba) wenye asilimia 10 au 12 ya UVB, pamoja na kiakisi chake, wenye urefu wa nusu hadi theluthi mbili ya kizimba. Taa ndogo za msokoto hufunika eneo dogo mno. Ufunge juu, sambamba na udongo, kwa umbali ambao mtengenezaji ameuandika, mara nyingi sentimita 30 hadi 45. Usiufunge ubavuni. Kobe ana paji la uso linalokinga macho dhidi ya jua la juu, lakini hana kinga ya mwanga unaotoka pembeni. Kati ya mrija na kobe pasiwe na plastiki wala kioo, na ujue wavu wa waya wenye matundu madogo unaweza kula theluthi ya mionzi au zaidi.

Mrija huisha nguvu za UVB kabla haujazimika. Andika tarehe ya kuufunga kwa kalamu kwenye ncha yake na uubadilishe baada ya miezi 12, au mapema mtengenezaji akisema hivyo. Ukipata kipima UVI, yaani kifaa cha kupimia ukali wa mionzi hiyo, tafuta 3 hadi 4 kwenye jiwe la kuotea jua na karibu sufuri ndani ya maficho. Kivuli ni haki yake kama ulivyo mwanga.

Gamba la kobe wangu linaota vilima vilima. Ni chakula?

Kwa muda mrefu lawama zote zilipewa protini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalea vitoto vya Centrochelys sulcata katika viwango tofauti vya unyevu na protini, na yakaonekana wazi kwamba waliolelewa kwenye hewa kavu waliota vilima zaidi, huku protini ikiwa na mchango mdogo tu. Chakula bora kina umuhimu wake, lakini kwa vilima angalia unyevu kwanza.

Kitoto cha jamii ya Testudo kinahitaji unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80. Mkubwa anaridhika na 40 hadi 60, alimradi ana mahali penye unyevu zaidi pa kulala. Kunyunyizia maji juu juu hakusaidii sana, kwani baada ya saa moja yamekwishakauka chini ya taa. Mimina maji kwenye pembe nne, polepole, yashuke mpaka chini kabisa ya tandiko. Tabaka la chini likiwa bichi na la juu kavu kidogo, unyevu hupanda taratibu siku nzima, na gamba la tumbo halikai kwenye tope. Udongo ukilowa mpaka juu na kizimba kikawa na baridi, hapo ndipo gamba la tumbo linapooza na mafua yanapoanza. Unyevu na joto viende pamoja.

Kwenye upande wa baridi weka sanduku dogo lenye mlango mmoja, ndani yake sfagnamu (mimea midogo laini inayoshika maji) iliyolowekwa na kukamuliwa. Vitoto wengi hulala humo wenyewe bila kufundishwa. Kizimba kikikauka upesi mno, funika sehemu ya juu kwa karatasi ngumu ya plastiki, ukiacha wazi eneo la taa.

Vilima vilivyokwishaota havirudi. Gamba jipya linaweza kuota laini kuanzia siku unaporekebisha hali.

Chombo cha maji kiwe cha namna gani?

Kisahani cha udongo cha kuwekea chungu cha maua, kipana kuliko kobe, kikizikwa mpaka ukingo uwe sawa na udongo. Maji yasizidi kidevu chake akiwa amesimama ndani. Ndani ya kisahani kusiwe na utelezi. Atakunywa humo, atajisaidia humo, kwa hiyo badilisha kila siku. Vitoto viogeshe pia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kila siku katika miezi ya mwanzo.

Mimea na mapambo?

Panda mimea inayolika: mpungate usio na miiba, haibiskasi, majani ya mwituni ambayo kobe anaruhusiwa kula. Oleanda na mimea yote yenye utomvu mweupe wa sumu isikaribie. Ipande pamoja na chungu chake, uzike chungu, ili ikitafunwa uweze kuitoa ikapumzike nje.

Kwa kobe bapa mapambo ni suala la uhai. Anahitaji nyufa za mawe bapa anazoweza kujibana ndani. Mawe hayo yakae juu ya sakafu ya sanduku yenyewe, kabla ya kumwaga udongo, na yaunganishwe kwa silikoni. Yakiwekwa juu ya udongo atachimba chini yake na yatamwangukia.

Naweza kuwaweka wawili wasipate upweke?

Kobe wa jamii ya Testudo hapati upweke. Wawili ndani ya sanduku moja ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu mnyonge hana pa kwenda. Uonevu wa kobe ni wa kimya: mmoja anakaa juu ya chakula, anaziba njia ya taa, anamfuata mwenzake kila aendako. Ukiona mmoja anakua na mwingine amebaki vilevile, watenganishe leo. Dume na jike wa Hermann wakifungiwa pamoja, dume humng'ata jike miguu na kumpanda bila kupumzika.

Aina mbili tofauti usizichanganye kamwe. Kobe wa aina moja anaweza kubeba virusi vya herpes au bakteria wa mycoplasma bila dalili na kumwambukiza wa aina nyingine, ambaye anaweza kufa.

Nizuieje hatari ya moto?

Kila taa ya joto iwe na minyororo miwili ya kuishikilia, ili mmoja ukikatika isianguke kwenye tandiko. Kibanio peke yake hakitoshi. Nyaya zishuke kwanza chini ya usawa wa soketi ya ukutani kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni. Usijaze plagi zote kwenye kiendelezi kimoja cha bei rahisi. Nyasi kavu zisifike chini ya taa.

Ninaye mbwa, na watoto wadogo.

Weka fremu ya wavu wa waya yenye bawaba na kifungo, taa zikiwa ndani yake. Mbwa mpole kwa miaka mingi anaweza kumtafuna kobe siku moja kama anavyotafuna mfupa.

Kuhusu watoto, kobe wengi wana bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba la chini ya sentimita 10 hivi, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa kobe, na beseni lake la kuogea lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Nibadilishe udongo kila baada ya muda gani?

Kinyesi na mabaki ya chakula yatoke kila siku. Geuza udongo kila wiki. Wote ubadilishwe kila miezi mitatu hadi sita, au pale harufu inapogeuka kuwa ya uvundo. Udongo wenye afya unanuka kama ardhi baada ya mvua. Wengine huingiza wadudu wadogo wanaokula uchafu, na udongo wao hudumu muda mrefu zaidi.

Anatembea kandokando ya ukuta kutwa nzima. Anataka nini?

Angalia kwa mpangilio huu: joto la jiwe, ukubwa wa kizimba, kama anaona nje kupitia kioo, na kama ni jike anayetafuta pa kutagia. Jike hutaga hata bila dume, na anahitaji udongo wenye kina, mbichi kiasi na wa vuguvugu. Ukiwa na shaka ya mayai, daktari wa wanyama atampiga picha ya eksirei.

Kizimba kimekamilika. Nimwingize lini?

Washa kila kitu siku tatu bila kobe. Andika joto la jiwe, joto la pembe ya baridi na unyevu, asubuhi, mchana na usiku. Tarakimu zikitulia, mwingize asubuhi taa zinapowaka, karibu na maficho, kisha mwache.

Anaweza kujifukia na asile siku mbili tatu. Endelea kumwogesha na kumwekea majani mabichi. Mpime kwenye mizani kabla ya kumhamisha, kisha kila wiki saa ileile, uandike gramu kwenye daftari. Kobe mkubwa asipokula wiki nzima wakati joto liko sawa, kitoto kisipokula siku nne, uzito ukishuka kwa asilimia 10, au ukiona mapovu puani na mdomo wazi anapopumua, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao, na uchukue daftari hilo pamoja na picha za kizimba.